Timu Uliyoniuliza

Kemunto,

Sitakuandikia habari za blanketi wala sabuni. Sanduku lako umelipanga mwenyewe mara tatu, na shangazi yako amekwisha kukuambia yote kuhusu chakula cha chuo, baridi ya chuo na wavulana wa chuo. Mimi nakuandikia juu ya timu.

Jumapili uliniuliza swali mbele ya watu, ukaniona nimeinuka na ungo wa maharagwe nikatoka nje kana kwamba nimeitwa. Sikuitwa na mtu. Baba yako mdogo Ondieki alikuwa amekuletea jezi ya timu yetu. Aliikunjua mezani, akailainisha kwa viganja, akasema, "Huko unakokwenda ni kwa watu. Usije ukashangilia timu ya watu. Wewe ni wetu." Nawe, kwa kuwa umeanza kupenda boli mwaka huu tu kwa kusikiliza redio, na bado huna timu, ukanigeukia ukicheka: "Mama, unasemaje? Nichague hii?"

Nilitoka kwa sababu ningebaki ningemmwagia Ondieki yale maharagwe. Nimekaa na hasira hiyo siku nne. Kesho asubuhi unaondoka, na saa hizi umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, kwa hiyo nina muda kidogo na mwanga wa kutosha.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa nyumbani hatukitumii, kwa sababu mambo haya yote yalitendeka kwa Kiswahili. Ndiyo lugha niliyozungumza na Mama Ouma tulipokuwa marafiki. Ndiyo, marafiki. Tangu nikulete mjini umemwona amekaa mwisho ule wa kibaraza cha Bwana Jayanti na cherehani yake, nami mwisho huu na yangu, na umeniuliza zaidi ya mara moja mbona hatuongei. Nilikuambia ni mtu wa kimya. Nilikudanganya. Mama Ouma alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ubavu. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, na ilikuwa kwa ajili ya timu.

Tulianza kupenda boli siku moja, mimi na yeye. Ilikuwa mwaka wa tisini, wakati wa Kombe la Dunia. Bwana Jayanti ndiye mwenye duka la vitambaa pekee upande ule wa mtaa wa Daraja Mbili aliyekuwa na televisheni, akaigeuza itazame kibarazani ili wateja wake waone. Sisi tulikuwa tunakunja kazi twende nyumbani. Kamerun walikuwa wanacheza na mabingwa wa dunia. Mama Ouma akasema, "Tungoje kidogo, Mama Kemunto, tuone hawa vijana wakipigwa." Hawakupigwa. Walibaki uwanjani wachache kuliko wenzao, refa akiwatoa mmoja mmoja, na bado wakashinda. Sijawahi kukuambia kwamba mama yako alirukaruka kibarazani akiwa na sindano mdomoni. Bwana Jayanti alinishika mkono akihofia nitaimeza.

Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda uwanjani Jumapili ambazo kuna mechi mjini. Hatukuwa na timu. Tulikaa upande wenye kivuli na kumshangilia yeyote aliyecheza vizuri. Wanaume walituona kama vituko. Mwanamke akisema anapenda boli, kitu cha kwanza wanachomuuliza ni sheria ya kuotea, kana kwamba wao walizaliwa wakiijua. Ondieki aliniuliza hapa hapa mezani. Nilipanga vifungo kumi na moja vya shati na vingine kumi na moja vya koti, nikamwonyesha. Akasema nimekariri. Sikusahau hilo, lakini lilinifurahisha zaidi kuliko lilivyoniudhi.

Sasa sikiliza nilivyochaguliwa timu, maana sikuchagua.

Timu yetu ilikuwa imepanda ligi kubwa na ikapata mwenyekiti mpya. Jina lake huna haja nalo. Alikuwa na kipaza sauti juu ya gari, na kila kabla ya mechi alizunguka mjini akisema timu hii ni damu, na asiyeishangilia si mtu wetu. Alisema hivyo mpaka mlangoni mwa duka letu. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema huyo anatafuta kura, akaendelea kuchuma majani yake ya chai. Mimi sikumsikiliza baba yako. Nilimsikiliza mwenye kipaza sauti, kwa sababu alikuja kibarazani akanichagua nishone namba mgongoni mwa jezi. Alinisifu mbele ya watu, akaniita mama wa timu. Nilivimba. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na hakuna mtu aliyewahi kunipa jina zuri kama hilo kwa kazi ya mikono yangu.

Mama Ouma, naye, watu wake walimwambia timu yake ni ile ya kule ziwani. Alicheka akaniambia, "Basi mwenzangu tumegawanywa. Tutakuwa tunakaa pamoja tukinuniana." Na tulifanya hivyo. Tulikwenda pamoja, tukanunua ndizi moja ya kuchoma tukaikata katikati, tukanuniana mpaka mwisho wa mechi, kisha tukarudi tukicheka. Ingebaki hivyo hadi leo kama watu wangetuacha.

Mechi yenyewe ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Wewe miaka hiyo yote ulikuwa ukilelewa Kebirigo kwa bibi yako, ndiyo sababu hukuona. Nataka ukumbuke ni mwaka gani. Watu walikuwa wametoka kufukuzwa na kuchomewa nyumba kule mpakani mwa wilaya. Kanisa letu na la Wakatoliki yalikuwa yamejaa akina mama na watoto wao. Mimi na Mama Ouma tulishona mablanketi ya vipande wiki nzima tukiwapelekea, na tulikuwa tukisema kwa hasira, tukipokezana, ni mtu wa namna gani anayemuuliza jirani yake kabila kabla ya kuwasha kiberiti. Tulisema hivyo kwa vinywa vyetu. Baada ya miezi michache tu nikawa mtu wa namna hiyo.

Siku hiyo timu ya ziwani ilikuja mjini. Mama Ouma hakwenda uwanjani kwa sababu mume wake, mwalimu, alimkataza. Mimi nilikwenda nimevaa jezi niliyoishona mwenyewe. Tulifungwa kwa penalti ya dakika za mwisho. Mpaka leo nasema haikuwa penalti. Mpira ulimgonga beki wetu begani, nami nilikuwa nimekaa hatua ishirini kutoka pale. Lakini hata ingekuwa dhuluma mara mia, ilikuwa dhuluma ya refa mmoja kwa vijana kumi na mmoja, na ilipaswa kuishia pale kwenye nyasi.

Tulitoka uwanjani kundi kubwa. Nilikuwa katikati yake, nikiimba. Nakuambia ukweli, nilikuwa nafurahia ile hasira. Kuna utamu wa kukasirika pamoja na watu mia, na asiyewahi kuuonja asijidai. Tulipofika mtaa wa madukani, kundi likasimama mbele ya kibaraza cha Bwana Jayanti. Alikuwa amefunga duka. Cherehani zetu mbili zilikuwa pale zimefunikwa na maturubai, kama tulivyoziacha kila Jumapili.

Mtu mmoja alinigeukia akasema, "Mama wa timu, ya yule wa ziwani ni ipi?"

Mtu huyo alikuwa Ondieki.

Nilijua anauliza kwa nini. Nisiseme sikujua. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema zote ni zangu, na hakuna ambaye angebisha. Niliinua kidevu kuelekea ya kushoto.

Waliivuta mpaka barabarani, wakaipiga mawe, wakaivunja gurudumu, wakaitupa mtaroni. Ilichukua muda mfupi kuliko kushona pindo. Yangu hawakuigusa. Mwingine hata aliirudishia turubai vizuri.

Usiku huo nilijipa sababu zote unazoweza kufikiria. Kwamba wangeigundua hata bila mimi. Kwamba ningekataa wangenigeukia mimi. Kulipokucha nilikuwa karibu kuziamini.

Siku iliyofuata nilikuwa na mapazia ya kupeleka kwenye hoteli moja mjini. Niliingia kwenye chumba cha kulia nikiwa nimeyabeba begani, na kwenye meza ya dirishani alikuwa amekaa mwenyekiti wetu. Aliyekuwa naye alikuwa mwenyekiti wa timu ya ziwani. Walikuwa na kuku mzima kati yao. Yule wa ziwani alisema, "Jana vijana wako walipandisha joto kidogo," na wetu akacheka akamsogezea paja.

Kemunto, nimeona mambo mengi ya kukasirisha katika maisha haya. Nimemzika baba yako baada ya kuambiwa hospitalini tungoje wiki mbili. Lakini ule mkono ukisogeza lile paja la kuku ndio ninaoona nikifumba macho.

Nikasimama mbele ya meza yao. Nikasema, "Mwenyekiti, jana cherehani ya Mama Ouma imevunjwa."

"Nani huyo?"

"Fundi mwenzangu. Pale kwa Jayanti."

"Ni wetu?"

"Na huyu unayekula naye," nikamwuliza, "ni wetu?"

Akatabasamu, akasema, "Mama, hayo ni mambo ya boli tu. Yataisha. Hebu tundika mapazia, jua linatupiga."

Nikapanda kiti nikatundika mapazia. Sikuyatupa sakafuni, sikumwambia ayatundike mwenyewe. Niliyatundika, nikayanyoosha, jua likaacha kuwapiga. Ukisikia watu wakisema mama yako ni mkali, ukumbuke siku hiyo, maana ukali wangu wote ulikuja baadaye, wakati haukuwa na kazi.

Kutoka hotelini nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Ouma. Walipanga chumba nyuma ya soko. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, na aliponiona akasogeza kigoda ili nikae. Alidhani nimekuja kumpa pole.

"Umeiona ilivyo?" akasema. "Hata kichwa cha mashine wamekipasua. Nimejiuliza usiku kucha walijuaje ni yangu. Zote nyeusi, zote zimefunikwa."

Ningeweza kunyamaza tena. Nikasema, "Ni mimi niliyeonyesha."

Aliendelea kuchambua mboga. Alichambua shina la kwanza, la pili, la tatu. Halafu akauliza, "Kwa kidole?"

"Kwa kidevu."

"Kwa nini?"

Nikamwambia mashine yangu achukue yeye, nitaileta kwa mkokoteni jioni hiyo hiyo. Hapo ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti. Alisema, "Sitaki mashine yako. Ukiniletea hapa nitaiweka barabarani. Unataka nikushonee dhambi yako kwa mashine yako? Nenda kwa hao uliowaonyesha, uwaambie mlichokosa. Kwa mdomo, Mama Kemunto, si kwa kidevu."

Nilichukua wiki tatu kupata moyo wa kwenda. Mkutano wa mashabiki ulikuwa unafanyika Jumapili katika ukumbi ulio karibu na uwanja. Wanawake tulikuwa wawili, mimi na mwenye kuuza chai. Mwenyekiti alizungumza juu ya penalti, juu ya refa, juu ya damu. Nikasimama bila kupewa nafasi. Nikasema mimi ndiye niliyeonyesha cherehani ya fundi mwenzangu, kwamba ilikuwa ni uovu, na kwamba kila aliyeirushia jiwe anajijua na anamjua mke wa mwalimu aliyemshonea mtoto wake sare ya shule. Nikasema pia kwamba siku ya pili yake nilimkuta mwenyekiti na mwenyekiti mwenzake wakila kuku mmoja.

Wakanizomea. Mmoja akasema ndiyo maana wanawake hawatakiwi kwenye timu, wanaleta mkosi. Ondieki alikuwa amekaa nyuma yangu. Alinivuta gauni akasema, "Shemeji, keti. Unatuaibisha." Nikamwambia kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Wewe ndiye uliyeniuliza ni ipi." Akaachia gauni.

Hakuna aliyeinuka kuniunga mkono. Nisikudanganye kwamba walilia wakaungama. Mwenyekiti akasema tusonge mbele na ajenda, nao wakasonga. Uchaguzi uliofuata alisimama udiwani kwa rangi za timu, akapita. Ondieki hajawahi kulizungumza hadi leo. Ndiyo maana nilipomwona ameilainisha ile jezi mezani kwa viganja vile vile, akikuambia wewe ni wetu, nilitoka nje. Ukitaka kumuuliza, muulize. Wewe si mtoto tena.

Mama Ouma alipata mashine nyingine kwa Bwana Jayanti, ambaye alimtolea ile ya marehemu mama yake iliyokuwa stoo. Alipomkabidhi alisema mbele yangu, "Mimi nimezaliwa hospitali ya hapa hapa mjini, na kila mechi bado naulizwa mimi ni wa wapi." Mama Ouma akaipokea, akaiweka mwisho ule wa kibaraza, mbali na yangu. Tumekaa hivyo miaka mitano. Asubuhi husema, "Umeamkaje." Jioni husema, "Kesho."

Sasa, swali lako.

Utashangaa nikikuambia kwamba mimi bado nashangilia timu ile ile. Mwaka mzima nilikataa hata kusikiliza matokeo yake. Kisha siku moja nikapita nje ya uwanja, nikaona kupitia uwazi wa bati yule winga wetu wa kushoto, mwembamba, anayekokota mpira kana kwamba ameushonea mguuni, nikasimama. Nikajiuliza mbona nimwachie mwenyekiti kitu kizuri namna hii. Timu si yake. Hakumzaa yule winga, hakumfundisha, na anayempenda kwa mchezo wake ni mimi. Nikalipa kiingilio nikaingia, nikakaa peke yangu upande wa kivuli. Sijawahi kuvaa jezi tangu hapo.

Kwa hiyo sikukatazi timu yetu. Jezi ya Ondieki nimeifua, iko kwenye sanduku chini ya sweta, uivae au uifanye kitambaa cha kufutia ubao, ni shauri lako. Na ukiipenda timu ya kule Magharibi unakokwenda, ipende, sitasema umepotea. Ukipenda ya ziwani nitanuna siku mbili. Ninachokuomba ni uende kwanza mara kadhaa bila kumshangilia mtu. Usikimbilie inayoshinda, maana hiyo utaichoka ikianza kufungwa. Angalia wachezaji, uone ni nani anayekufanya usimame bila kujua umesimama. Halafu waangalie mashabiki wa timu hiyo siku wamefungwa, wakati wa kutoka getini. Tembea nao hatua chache. Wakianza kuulizana nani ni nani, toka katikati yao, hata kama umewapenda, hata kama wamekupa jina zuri. Usingoje swali likufikie wewe. Mimi nilingoja, na lilipofika mdomo haukufunguka.

Kuna jambo lilitokea juzi Jumanne, na ndilo lililonipa nguvu ya kushika kalamu. Nilikuwa napiga pasi sketi yako ya chuo pale kibarazani, na pindo lilikuwa limeachia. Macho yangu siku hizi hayaoni uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilihangaika na sindano mpaka nikaitupa mezani kwa hasira. Mama Ouma aliinuka kutoka mwisho ule. Akaichukua sketi, akarudi nayo kwake, akaishona pindo lote upya kwa mkono, si lile lililoachia tu. Alipoirudisha aliuliza, "Anakwenda kusomea nini?"

"Ualimu."

"Kama wetu," akasema. Alimaanisha mume wake.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sitamuuliza. Lakini kesho kabla hujapanda gari, pitia kibarazani umuage. Usiniangalie mimi kwanza kuona kama naruhusu. Nenda mpaka mwisho ule, umpe mkono, umwite mama.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama